Kilima Kilichokodiwa Kisijengwe

Nyumbani, mgongoni mwa kilima
Tarehe 4 Machi

Mpwa wangu,

Niwie radhi kwa kimya cha miezi mitano. Sikuugua, sikusafiri, wala karatasi hazikunipungukia. Nilikuwa na hasira, na mimi si mtu wa kuandika nikiwa na hasira, kwa sababu mwandiko huharibika na msomaji hufurahi. Sasa hasira imetulia ikawa dharau, ambayo huandikika vizuri zaidi.

Huku sote wazima. Paa la jikoni tumelibadilisha. Jirani yetu, yule mstaafu wa forodha, bado yu hai na bado anakohoa kwa sauti ili tujue. Mama yako hajambo, anakusalimu, na angali mkunga pekee wa zahanati ya bondeni. Safari hii hatatia mistari yake chini ya yangu kama ilivyo kawaida yake. Ana shughuli.

Sasa niingie kwenye neno lenyewe. Huu ni mwaka wa tatu tangu kampuni yako ya simu ilipokodi kilele cha shamba langu. Ulikuja wewe mwenyewe, umevaa fulana ya rangi yao, ukasema mbele ya watu kwamba mnara utasimama kabla ya mvua, na kwamba mama yako ataita gari la wagonjwa akiwa kando ya kitanda cha mgonjwa badala ya kupanda jabali. Mvua zimekuja, zimekwenda, zimekuja tena. Kilichopo kileleni ni uzio wa seng'enge, bamba la zege, kibao chenye picha ya msichana anayecheka na simu sikioni, na mlinzi.

Huyo mlinzi lazima nikueleze. Ni mtu mzima, baba wa watoto, na watu wamempa jina la Meneja. Huvaa sare, kofia na buti, hukaa kwenye kiti cha plastiki, akalinda zege. Nilimuuliza, "Bwana, unalinda nini hasa?"

Akasimama wima. "Mali ya kampuni, Mzee."

"Ipi?"

Akatazama nyuma, akatazama mbele. "Ikija, itanikuta."

Wakati huohuo ushindani wenu unaendelea kwa nguvu zote, nao ni ushindani wa rangi. Mafundi wenu walikuja wakaupaka ukuta wa mashariki wa zahanati rangi yenu, wakaandika "Tupo Popote Ulipo". Baada ya wiki wapinzani wenu wakaupaka ukuta wa magharibi rangi yao, wakaandika "Kasi Isiyo Kifani". Kati ya kuta hizo mbili simu haishiki chochote. Mtu akitaka kuita gari hupanda jabali la nyuma ya zahanati, ambalo siku hizi linaitwa Ofisi, huinua mkono na kuviziavizia mawimbi ya mnara wa mjini. Ndiyo maana mimi ninamwandikia mfanyakazi wa kampuni ya simu kwa kalamu, na barua ninaikabidhi kwa dereva wa basi. Kama hapo huoni aibu, nieleze huwa unaiona wapi.

Nipe jibu moja tu: mnara unakuja au hauji?

Mjomba wako.


Mjini
Tarehe 2 Aprili

Shikamoo Mjomba,

Barua yako ilikaa wiki mbili kwenye sanduku la dereva pamoja na viatu vya mtu. Imenifikia ikinuka mpira, lakini maneno yote yalikuwa mazima, kwa bahati mbaya.

Sisi huku wazima. Mtoto ameota meno mawili na anauma kila kitu, hasa simu yangu. Tumehamia nyumba nyingine, ghorofa ya nne. Lifti ipo. Ipo kama mnara wako ulivyopo.

Mbona mama hakuandika? Hajawahi kuacha. Hata mara ile alipokuwa na homa aliniandikia neno moja, "Kula." Mwambie nasubiri mistari yake.

Kuhusu mnara, upo kwenye mpango. Vifaa vimechelewa njiani, kuna kibali kinasubiriwa, halafu wahandisi wanapiga upya mahesabu ya mawimbi. Najua utasema nini. Mjomba, hawa watu hata mimi wananichosha. Mkurugenzi wetu wa Upanuzi hajawahi kuvuka mwisho wa lami. Ana ramani ukutani, na siku akitaka kupanua mtandao anachukua kalamu nene, anapaka, ofisi nzima inapiga makofi. Na hao wapinzani wetu usiwaone wa maana. Bando lao la wiki linakata roho Jumatano, na wateja wao wanaficha laini yetu mfukoni kama mtu anavyoficha nyumba ndogo.

Jambo lenyewe ni hili. Mkataba wa kilele unaisha mwisho wa Agosti. Nimekutumia karatasi za mkataba mpya wa miaka mitano kwa dereva huyuhuyu. Tia sahihi pale nilipoweka alama ya penseli, uzirudishe haraka. Nakuomba, isifike Mei. Sababu ni za kiofisi tu.

Na usinifanye mjinga peke yangu. Kumbuka ni wewe uliyewapiga marufuku mbuzi wa jirani kupita kileleni kabla hata uzio haujafika, eti watasumbua mitambo. Ni wewe pia uliyekwenda kumwambia jirani huyo kwamba kampuni imechagua shamba la msomi.

Mpwa wako.


Nyumbani
Tarehe 19 Mei

Mpwa wangu,

Ulisema isifike Mei. Imefika, nayo inaelekea ukingoni.

Sote wazima. Shamba limekubali mwaka huu. Mama yako anakusalimu. Mistari yake utaiona atakapopata nafasi, usimsumbue. Karatasi zako nimezipokea, sikuzitia sahihi. Suala la mbuzi silijibu kwa kuwa halina uzito.

Wiki iliyopita nilipata mgeni, mpima ardhi wa wapinzani wenu. Ni mwanamke wa makamo, buti zake zimejaa matope mpaka karibu na magoti, na matope hayo ndiyo yaliyonifanya nimpe kiti. Alikuwa ameuzunguka mgongo wote wa kilima akitafuta mahali pengine pa kusimamisha mnara, akakosa. Kwingine kote ni mwamba unaoning'inia, au ni chini mno. Alikunywa maji, kisha akacheka peke yake.

"Unacheka nini, mama?"

"Nacheka huo uzio wako, Mzee. Hawa hawajengi."

"Wamesema vifaa vimo njiani."

"Njia ipi? Sikiliza, Mzee wangu. Kilele chako ndicho pekee kinachoona bonde na mji kwa pamoja. Bonde lenu halina wateja wa kutosha kurudisha gharama ya mnara, kwa hiyo wao hawana haja ya kujenga. Lakini sisi tukijenga hapa tutawanyang'anya wateja wao wa mjini. Basi wamekodi kilele ili tusipande. Mlinzi ni rahisi kuliko mnara."

Nikasema, "Kumbe nyinyi ni watu wa afadhali."

Alicheka mpaka akaweka gilasi chini. "Afadhali ya nani? Kule kwenye machimbo ya mawe sisi nasi tunacho kilima cha namna hii. Tuna zege letu. Mlinzi wetu amefika mbali, anafuga kuku ndani ya uzio."

Mpwa wangu, nimefundisha sarufi maisha yangu yote ya kazi, na nimesahihisha uongo wa kila namna. Sijapata kuona watu waliokodi kilima ili kisitumike, kisha wakakitundikia picha ya msichana anayecheka. Wahenga walisema fahari wawili hawakai zizi moja. Nyinyi hamjaingia hata zizini. Mmelala mlangoni wote wawili, na ng'ombe wako nje.

Swali langu lilikuwa moja. Ninalirudia, na sasa lina mkia: mnara unakuja au hauji, na wewe ulilijua hilo tangu lini?

Mjomba wako.


Mjini
Tarehe 11 Juni

Shikamoo Mjomba,

Tu wazima. Mtoto amesimama dede, ameanguka, amelia, amesimama tena.

Hii ni barua ya pili bila mistari ya mama. Nimemtumia ujumbe kwenye simu yake tangu Februari, na hakuna hata mmoja uliopokelewa. Zamani jumbe zangu zilikuwa zinaingia zote kwa mkupuo kila alipopanda jabalini. Maana yake hapandi tena. Mbona hapandi, Mjomba? Unanificha nini?

Sasa jibu lako. Mnara hauji.

Yule mama wa buti amekwambia kweli tupu. Biashara ya mtandao ndivyo ilivyo. Kilima ni kiti, ukikikalia mwenzako atasimama. Ofisini tuna jina lake, tunaita "kutandika mkeka". Anayetandika mikeka mingi ndiye anayepanda cheo. Tukiwa kwenye matangazo tunawaambia watu habari za kasi. Tukifunga mlango tunahesabu vilele ambavyo wengine hawawezi kupanda. Kilele chako ndio mkeka wangu mkubwa kuliko yote, na ukinitoka Agosti, nami natoka. Mkurugenzi aliniambia hivyo huku anakula karanga. Hata kutafuna hakuacha.

Nilijua tangu lini? Hilo silijibu. Wewe una kimya chako kuhusu mama, niachie nami changu.

Lakini usije ukadhani kwamba ukiwapa wapinzani utakuwa umepata malaika. Watajenga, ndiyo. Antena zao wataziegemeza mjini na kwenye barabara kuu, walipo wenye simu za bei kubwa, na mama watampa kisogo. Ukitupa sisi, utabaki na Meneja miaka mitano mingine. Chagua mwenyewe nani akudharau.

Mkurugenzi anataka kuja kukuona. Usimpe kiti kizuri.

Mpwa wako.


Nyumbani
Tarehe 23 Julai

Mpwa wangu,

Safari hii sianzi kwa kusema kwamba sote wazima.

Mwezi wa Februari alikuja zahanati mwanamke aliyekuwa akijifungua huku damu ikimtoka kupita kiasi. Mama yako alimwacha na msaidizi, akapanda jabalini kuita gari. Mvua ilikuwa imenyesha. Alimpata mpokeaji wa simu, akaanza kueleza, na mawimbi yakakatika kabla hajataja mahali. Alipokuwa akisogea ili ayapate tena, aliteleza. Mkono wa kulia ulivunjika mahali pawili. Gari halikuja, maana hakuna aliyejua liende wapi. Wanaume walimbeba yule mzazi juu ya kitanda mpaka kwenye lami. Yeye na mtoto waliokoka, na hakuna kampuni ya kushukuriwa kwa hilo.

Sikukuficha kwa huruma. Nilikatazwa. Dada yangu alisema, "Kaka, ukimwambia ataacha kazi, na mjinga yule ana mtoto wa kulea." Nimetii kwa muda mrefu kuliko ninavyotii kwa kawaida. Mfupa umeunga vibaya. Kalamu haishiki, na kuzalisha peke yake hawezi. Wajawazito wa bonde sasa huondoka makwao mapema na kwenda kulala kwa watu wasiowajua karibu na barabara.

Baada ya kukwambia hayo, nakusimulia ziara. Niliwaalika wote wawili, Mkurugenzi wenu na meneja wa wapinzani, siku moja, bila kumwambia yeyote habari za mwenzake. Wenu alikuja na miwani myeusi na viatu vyeupe. Wa pili alikuja na tai. Walipokutana mlangoni walisalimiana kama wezi wawili waliokutana kwenye dirisha moja.

Nikawaambia, "Kilele ni kimoja. Simamisheni mnara mmoja, kila mtu atundike mitambo yake, na kila mtu aelekeze antena moja bondeni. Nitatia sahihi leo."

Kisha Mkurugenzi wenu akauliza, "Nani atakuwa juu?"

"Juu ya nini?"

"Ya mnara, Mzee. Antena ya juu huona mbali zaidi."

"Sisi," akasema wa tai. "Maana sisi ndio tutakaojenga."

"Zege ni letu!"

"Zege lenu lina nyasi, kaka."

"Bora nyasi kuliko kuku wenu wa machimboni!"

Waligombea ncha ya mnara ambao haupo mpaka chai ikapoa. Ndipo mama yako akatoka jikoni, mkono umening'inizwa shingoni kwa kitambaa. Akasema, "Mnagombea nani akae juu. Mimi nauliza nani atanisikia nikiwa chini."

Mkurugenzi wenu akavua miwani. Nilidhani ameguswa. Akamuuliza dada yangu kama amewahi kujaribu bando la familia.

"Jaribu wewe kwanza, mwanangu," akamjibu. "Wapigie wa nyumbani kwako, ukiwa umekaa hapohapo."

Akaitoa simu, akaitazama, akaiinua, akasogea dirishani, akatoka nje. Tulimwona akizunguka uani mkono ukiwa juu, viatu vyeupe vikizama topeni, mpaka mlinzi wetu Meneja aliposhuka kutoka kileleni mbio, akampigia saluti na kumwonyesha njia ya kwenda Ofisi. Wa tai alifurahi mno, mpaka nilipomwambia ajaribu ya kwake.

Hakuna niliyemtilia sahihi. Nimewaambia kwamba Agosti ikiisha uzio utang'olewa.

Jambo moja halijakaa sawa. Nilimuuliza Mkurugenzi, "Mpwa wangu yuko wapi? Yeye ndiye mwenye kazi hii." Akajibu kwamba umeondolewa kwenye jambo hili, na alipokuwa akisema hakunitazama. Umefanya nini?

Mjomba wako.


Mjini
Tarehe 14 Agosti

Shikamoo Mjomba,

Mtoto mzima. Mimi niko nyumbani mchana kutwa, kwa hiyo ananiuma zaidi.

Habari ya mkono wa mama nimeisoma mara nyingi. Sina la kuandika juu yake ambalo wewe usingelisahihisha.

Umeuliza nimefanya nini. Barua yako ilinikuta nimeshakifanya, kwa hiyo usiniwekee wema nisiokuwa nao. Mwanzoni mwa Julai kampuni zilikutana kwenye ukumbi wa hoteli kupeana tuzo. Mkurugenzi wetu akaitwa kupokea tuzo ya kufikisha mtandao mabondeni. Wakaonyesha picha kwenye ukuta, kubwa kuliko nyumba yako, na picha yenyewe ni zahanati ya mama, ukuta wa mashariki, "Tupo Popote Ulipo". Watu wakasimama kupiga makofi. Meza ya wapinzani nayo ikapiga, kwa sababu na wao walikuwa na ukuta wao wa kuonyesha. Jirani yangu mezani akaniuliza, "Mbona hupigi?" Nikamwambia mikono ina mafuta.

Kesho yake nilikwenda kwenye Mamlaka ya Mawasiliano. Nilikaa mbele ya ofisa mwenye kikombe cha chai na feni isiyozunguka, nikamweleza kwa mdomo wangu: kilele chako, vilele vyetu vingine, na cha wapinzani kule machimboni. Nikasema vimekodiwa visijengwe.

"Dada, una hakika?" akaniuliza. "Kwenye ramani yetu bonde hilo lina rangi tele."

"Hiyo ramani mmepewa na nani?"

Akaigeuza, akasoma nyuma. "Na nyinyi."

"Na mimi ndiye niliyeituma," nikamwambia. "Andika."

Akaandika. Akaniuliza kama nafahamu kwamba jina langu litasomwa kwenye kikao. Nikasema nafahamu. Ilipofika mchana ofisini walishajua, maana hapa mjini mtandao unafanya kazi. Wamenisimamisha. Kadi yangu ya mlangoni waliichukua mbele ya wenzangu wote, na wenzangu wote walikuwa wanatazama simu zao.

Kikao kimekaa mara moja. Kampuni zote mbili zilikuja na wakili mmoja, na kwa mara ya kwanza tangu niingie kazi hii zilizungumza kwa kauli moja: kwamba mimi ni mwongo. Miaka yote hawakuweza kugawana nguzo moja ya chuma, lakini wakili waligawana vizuri kabisa. Mezani kuna mambo mawili. Ama Mamlaka iamuru kilele kisichojengwa kifunguliwe kwa mnara wa pamoja, wenye antena inayotazama bondeni, na mimi niwe nimesema kweli. Ama ikubali ramani, na mimi niwe nimeikashifu kampuni, nisipate kazi hii tena kokote. Usitie sahihi kwa mtu yeyote kabla hawajaamua. Wakija na zawadi, pokea zawadi. Sahihi usitie. Na Meneja mwambie asiondoke kwa sasa, ndiye mtu pekee wa kampuni anayeweza kuapa kwamba hakuna kitu pale.

Jumamosi nitapanda basi nije nimwone mama. Nitamwosha nywele, kwa mkono mmoja najua hajiwezi, na mtoto atamwonyesha anavyosimama. Nilitaka nikae naye mpaka apate nguvu. Lakini Mamlaka wamesema uamuzi ukiwa tayari watanipigia simu, na nisipopatikana watahesabu kwamba nimejitoa. Nikiwa kwenu sitapatikana. Kwa hiyo nitalala siku mbili, nimwache, nirudi mjini kukaa na simu mkononi.

Uamuzi ukishatoka, wowote utakaokuwa, nitakuandikia siku hiyohiyo.

Mpwa wako.